Gharama Nyinginezo

Ofisa mikopo aliigeuza karatasi.

Upande wa mbele kulikuwa na yote niliyokwenda kuyasikia. Bei ya nyumba milioni 80, benki inatoa asilimia 90, mimi natoa 10. Milioni 8. Nilikuwa nazo. Kwenye akiba nilikuwa na milioni 9 na laki moja na themanini, na kwa dakika kama mbili hivi, pale Posta, kiyoyozi kikinipuliza shingoni, nilijiona tajiri mwenye chenji. Nilishaanza hata kuigawa ile chenji. Mapazia. Kirikuu ya kuhamisha vyombo. Geti lipigwe rangi.

Akachukua kalamu. "Sawa dada, hicho ni kianzio. Sasa tuangalie na gharama nyinginezo."

Hii ni wiki ya saba. Hayo maneno mawili yamegoma kunitoka kichwani, na sababu si hela peke yake.

Yanajulikana na nani

Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, Kurasini. Mwaka wa 11 huu. Nusu ya kazi yangu ni kumweleza mtu aliyeona gari kwenye simu kwamba bei ya Japani si bei ya Dar. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa, kuna VAT asilimia 18 inayopigwa juu ya hivyo vyote, gari likiwa na umri mkubwa kuna na ya uchakavu, halafu hapo bado hujaigusa bandari, wala wakala wa meli, wala sisi. Wazoefu wanakuja wameshapiga hesabu. Wageni ndio wanaotoa macho. Na chini kabisa ya ankara, mstari wa mwisho kabla ya jumla, kuna maneno ambayo nadhani nimeyachapa mara nyingi kuliko jina langu: gharama nyinginezo.

Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Tabora, alikuja kutoa Noah. Kiinua mgongo chake kilikuwa kwenye bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili na kufungwa mpira. Ushuru ulitosha. Mstari wa mwisho haukutosha, zilipungua kama laki sita na nusu. Akaenda kutafuta. Alirudi baada ya siku tisa akiwa nazo, lakini siku tisa za gari kukaa bandarini si za bure, tozo ya kuhifadhi ilikuwa inatembea, kwa hiyo alichokileta kikawa hakitoshi tena. Nikamwambia, kwa ile sauti ya dirishani ambayo kila mtu wa ofisi anayo, "Mzee, haya mambo huwa yanajulikana."

Akaniangalia. "Yanajulikana na nani, mwanangu?"

Sikumjibu. Nilikuwa na foleni.

Nyuma ya karatasi

Yule kijana wa benki aliandika taratibu, mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa na mama mkali. Uthamini wa nyumba, laki tatu na nusu; hiyo unalipa kabla, na hairudi hata mkopo ukikataliwa. Ada ya kuandaa mkopo, asilimia moja ya mkopo wenyewe, laki saba na ishirini. Ushuru wa stempu, asilimia moja ya bei, laki nane. Wakili milioni moja, "ila mkiongea anapunguza". Bima mbili, ya nyumba na ya maisha yangu, ili nikifa benki isihangaike: laki tano na ishirini kwa mwaka wa kwanza. Vilivyobaki akavifunga kwenye fungu moja: serchi ya hati, kibali cha Kamishna cha kuhamisha umiliki, usajili wa uhamisho, usajili wa rehani. Laki nne na thelathini, kwa makadirio.

Milioni 3 na laki nane na ishirini.

"Hizi haziwezi kuingizwa kwenye mkopo?"

"Hapana dada. Hizi ni za mfukoni."

Nilipungukiwa milioni 2 na laki sita na arobaini, mimi ambaye dakika mbili zilizopita nilikuwa nanunua mapazia.

Nikiwa kwenye daladala ya kurudi Tabata ndipo nilipoona kilichokuwa kinanikera. Kianzio kinaingia ndani ya nyumba na kukaa. Ukija kuuza, kiko humo humo kwenye kuta. Ada hazikai, zinapita tu mlangoni na kuendelea na safari zake. Mthamini anaondoka na yake hata kama nyumba hukuipata. Kaunta buku langu la akiba lina nyumba niliyoichora ukurasa wa kwanza kwa kalamu ya bluu, ina paa la migongo minne na mwembe pembeni. Miaka minne nilikuwa nikiuangalia ule mwembe kila nikitaka kutumia hela. Hakuna mtu anayechora ushuru wa stempu.

Hela ina masikio

Miezi 51. Ukigawanya inakuja laki na themanini kwa mwezi, lakini huo ni wastani tu. Kuna miezi niliweka laki nne, na kuna miezi sikuweka hata mia.

Nilianza na kibubu cha mbao cha Buguruni. Nilikipasua kwa nyundo wiki aliyolazwa mama, na sikukinunua tena. Kikafuata mchezo wa ofisini, watu kumi, laki mbili mbili. Kijumbe wetu alikuwa mwaminifu kuliko benki nyingi, ila zamu yako ikifika ofisi nzima inajua una milioni mbili mkononi, na ofisi nzima ina shida. Mwisho nikahamia kwenye vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Wenzangu waliniuliza faida yake asilimia ngapi. Kwangu faida kubwa ilikuwa kwamba ukiomba kutoa, hela inachukua siku kadhaa za kazi kukufikia, na shida nyingi za ndugu haziwezi kusubiri siku kadhaa za kazi. Wanakwenda kumkopa mwingine.

Limeonekana baya nilivyoliandika. Basi ndivyo lilivyo.

Kwenye makundi ya michango ya harusi jina langu lilikuwa linasimama kwenye elfu hamsini, nikalishusha hadi thelathini. Shangazi akasema siku hizi nimekuwa mkavu. Hilo nililimeza. Ambalo halijashuka ni la binamu yangu aliyeniomba laki tatu ya ada ya chuo, mwaka juzi. Nilimwambia sina. Siku hiyo nilikuwa na milioni sita. Akaahirisha mwaka, sasa amerudi chuoni, tunasalimiana vizuri tu, na kila akinisalimia namuona yule kijana aliyesema, "Hamna shida dada, nitaangalia pengine."

Katika miezi yote hiyo nilikuwa napanga Tabata, laki tatu na nusu kwa mwezi, tunalipa miezi sita kwa mkupuo. Kila mwezi nikinunua umeme LUKU inanikata 1,500 ya kodi ya jengo ambalo si langu. Najua ni deni la mwenye nyumba. Nani ataenda kumgongea mwenye nyumba mlango kumdai 1,500?

Nyumba ambayo benki inaiona

Kabla ya hii ya milioni 80 nilikuwa nimepata nyingine ya milioni 45, upande wa Kivule. Vyumba vitatu, maji yapo, jirani mmoja anafuga kuku na mwingine ana msikiti. Kianzio chake kingekuwa milioni nne na nusu, ningekuwa nimeshahamia. Nikapeleka karatasi benki: mkataba wa mauziano, mashahidi watatu, muhuri wa serikali ya mtaa umepigwa vizuri kabisa, wino haujachuruzika.

"Dada, hati iko wapi?"

Hati haikuwepo, na eneo lilikuwa halijapimwa. Sehemu kubwa ya Dar ndivyo tunavyoishi, kwenye mitaa iliyojengwa kwanza ramani ikafuata baadaye, ikifuata, na karatasi ya serikali ya mtaa ndiyo tunayoiita hati. Kwa kununua taslimu watu wanaridhika nayo. Kwa benki, nyumba ile haikuwepo duniani, kuku na msikiti wake pamoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kianzio ni asilimia 10 ya nyumba ambayo benki inaiona, si ya nyumba unayoiweza. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, iko chini ya Rais kama mdhamini, na unachonunua hasa ni haki ya kuikalia kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati: 33, 66, 99. Nyumba yenye hiyo karatasi na isiyo nayo zinaweza kuwa na bati moja na rangi moja, bei zikapishana kama ndugu wa mama tofauti.

Ndivyo nilivyofika Kibada.

"Mkononi"

Dalali alinipokea ng'ambo nilipotoka kwenye pantoni. Alichukua elfu kumi ya kuzunguka kabla hatujazunguka. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu aliyetaka kurudi Lushoto kabla magoti hayajagoma kabisa. Alinionyesha kila chumba kama mtu anayetambulisha watoto wake. Kwenye mlango wa stoo kulikuwa na mistari ya penseli, urefu wa wajukuu, na kila mstari una mwaka.

"Milioni themanini," akasema, "mkononi."

Neno lile sikulitilia uzito. Nilidhani anakataa hundi.

Maana yake niliipata wiki ya pili, kwa wakili. Anayeuza ana kodi yake, ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkaazi wa nchini, na mpaka mamlaka ya mapato iridhike, uhamisho hauendi mbele. Mzee kwa kusema mkononi alikuwa anasema kodi yake nitaibeba mimi. Na faida yenyewe ilikuwa kizungumkuti, kwa sababu alijenga kuanzia 2003 na hakuwa na risiti hata moja. "Saruji nilinunua mfuko mmoja mmoja, mjukuu wangu. Risiti ya nini?"

Dalali akaja na dawa aliyoitoa kama anavyotoa pipi: mkataba uandikwe milioni 45. Kodi ya mzee itashuka, ushuru wangu wa stempu utashuka, kila mtu atacheka. "Wote wanafanya, dada."

Sitajifanya malaika. Nililala na hilo wazo usiku kucha. Mimi natoka kwenye ofisi ambayo kila siku kuna mteja anayetaka bei ya gari iandikwe chini, na kila siku namkatalia kwa mdomo mkavu. Usiku ule nilikuwa mteja. Asubuhi wakili akanimalizia kazi: benki inakopesha kwa kufuata mkataba, ukiandika 45 unakopeshwa juu ya 45, na thamani yenyewe bado inapita mikononi mwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo sikukataa kwa sababu ni mwema. Nilikataa kwa sababu hesabu ilikataa. Mzee naye alilegea baada ya mwanawe kuongea naye, akakubali kodi iwe yake.

Nikalipa laki tatu na nusu ya uthamini.

Milioni 74

Mthamini alikuwa mama mmoja mfupi mwenye buti za mvua, siku ya jua kali. Alipima kwa futi, akagonga ukuta wa jikoni kwa fundo la kidole, akasikiliza, akagonga tena. Akapiga picha mfuniko wa shimo la choo. Alisimama muda mrefu mbele ya vyumba viwili vya uani, vile ambavyo mzee alikuwa anapangisha na ambavyo mimi nilishavihesabu kwamba vitanisaidia rejesho.

"Hivi vina kibali cha ujenzi?"

Mzee akasema vina miaka kumi na mbili.

Ripoti ilitoka na milioni 74. Vyumba vya uani havikuhesabiwa. Benki inatoa asilimia 90 ya bei au ya uthamini, kati ya hivyo viwili kile kilicho chini. Mkopo ukawa milioni 66 na laki sita. Bei ilibaki 80. Nilimpelekea mzee ripoti nikidhani namba zitamlainisha. Alivaa miwani, akaisoma yote hadi sahihi, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima zote.

"Huyu mama hajajenga nyumba hii."

Kianzio kutoka milioni 8 kikawa milioni 13 na laki nne. Ongeza gharama nyinginezo, toa nilichokwisha kulipa, na nilikuwa nimepungukiwa karibu milioni 8 kamili. Kwa mwendo wangu wa laki na themanini, miezi 44 na ushee.

Niliifunga ile kaunta buku nikaiweka juu ya kabati la vyombo.

Viroba

Kwa mama yangu habari hii ilikuwa ushindi, ingawa alijitahidi kuuficha. Tangu mwanzo alisema ninunue kiwanja Chanika, nijenge taratibu kama baba. "Nyumba ya benki utaishi humo kama mgeni kwa shemeji," alisema. "Kila ukisikia hodi unaruka."

Baba alikuwa dereva wa malori. Katika maisha yake alikuwa akiisubiri Benki ya Nyumba, ile iliyoanzishwa 1973, mpaka ikafungwa 1995. "Ilikufa kabla ya zamu yangu," alikuwa akisema, kama anayezungumzia basi. Mwaka uliofuata akanunua kiwanja. Mikopo mirefu ya nyumba ilirudi pole pole, kukatungwa sheria yake 2008, ikaja kampuni ya TMRC 2010 kuzikopesha benki ili nazo zikopeshe watu, lakini kufikia hapo baba alikuwa ameshapiga bati. Tulihamia 2008, madirisha yakiwa ya viroba vya sembe. Usiku upepo ukija viroba vinavutwa ndani, vinaachiwa, vinavutwa, na mimi na mdogo wangu tulikuwa tukilala tukihesabu pumzi za nyumba.

Hakudaiwa na mtu hata senti. Hilo ndilo mama analonitandikia, na upande wangu namba ni hizi: milioni 66.6 kwa riba ya asilimia 16, miaka 20, rejesho laki tisa na elfu ishirini na sita kila mwezi. Zidisha. Milioni 222 na ushee, kwa nyumba ya milioni 80. Sina jibu la kumpa mama juu ya hilo na nimeacha kulitafuta.

Lakini Jumapili moja nilikaa naye nikataka tuhesabu ya baba. Msingi uliovunjwa ukarudiwa kwa sababu fundi wa kwanza alikosea kona. Fundi wa pili aliyeondoka na hela ya nondo. Lori la mchanga lililoyeyuka usiku mmoja. Mlinzi. Kodi ya Mbagala tuliyoendelea kulipa kwa miaka 12 huku tunajenga. Nilikuwa na kalamu mkononi. Mama akaniwekea kiganja juu ya daftari.

"Wacha," akasema. "Nyumba ukiihesabu hutalala humo."

Baba aliweka dari 2016. Alifariki 2019. Miaka mitatu ndiyo aliyokaa kwenye nyumba iliyokwisha, na hiyo nayo sijui niiandike mstari gani.

"Na mimi niko wapi?"

Nilidhani nimemaliza kuumia. Ilibaki fomu moja.

Sheria hairuhusu kuiweka rehani nyumba mnayoishi bila ridhaa ya mwenzako, kwa hiyo benki ilikuwa imenipa mapema fomu ya baba watoto. Yeye ni fundi wa friji na viyoyozi. Anafanya kazi kuliko mimi, lakini hana karatasi ya mshahara, na benki humwona mtu kupitia karatasi ya mshahara. Mkopo uliombwa kwa jina langu peke yangu. Fomu ilikuwa imekaa kwenye droo wiki tatu; niliitoa ili niitupe, akaniomba aisome.

Aliisoma yote, chini ya taa ya mezani, kidole kikifuata mstari kwa mstari kama anavyosoma mchoro wa waya.

"Hapa nakubali iwekwe rehani," akasema. "Hapa nakubali ikiuzwa nisilalamike." Akaigeuza, nyuma hapakuwa na kitu. "Sasa mimi niko wapi kwenye kuipata?"

Hakusema kwa ugomvi. Aliuliza kama alivyouliza yule mzee wa Tabora.

Nikaanza kueleza mambo ya mshahara, nikakwama katikati. Kwa miezi 51 niliyokuwa najisifia, ni nani aliyekuwa analipa kodi ya Tabata? Ni yeye. Milioni mbili na laki moja kila nusu mwaka, akizitafuta kwenye mapaa ya watu, ili mshahara wangu upate pa kupumzikia. Tuliona ni mpango wa kawaida tu, hakuna aliyeuandika popote. Nilipiga hesabu pale pale mezani: laki tatu na nusu mara 51 ni milioni 17 na laki nane na nusu. Ni karibu mara mbili ya akiba yangu yote. Ni zaidi ya kianzio kipya na gharama zake zote kwa pamoja.

Kwenye kaunta buku langu hakuwepo. Hata kwenye mstari wa mwisho.

Nilimuonyesha ile hesabu. Akacheka, akasema kumbe yeye ni tajiri. Baadaye, tukiwa tumezima taa, akasema, "Majina mawili lakini." Nikasema ndiyo.

Nilimpigia yule kijana wa benki. Akasema inawezekana, hati iwe na majina mawili hata kama mshahara ni mmoja, ila wakili ataongeza karatasi. "Na gharama," akamalizia, na sote wawili tukacheka, yeye bila kujua mimi nacheka nini.

Kurasa mbili

Wiki iliyopita niliandaa ankara ya mama mmoja anayetoa IST yake ya kwanza. Mstari wa mwisho niliufumua. Niliandika kila kitu, hadi hela ya fotokopi, na pembeni nikaandika kinachoongezeka gari likichelewa, kwa siku. Ikatoka kurasa mbili. Bosi akaniuliza wino wa ofisi nimeufanya nini.

Nyumba ya Kibada ilishanunuliwa. Mnunuzi alikuja na taslimu, mambo yakaisha kwa wiki mbili. Nilijiuliza kama mkataba wao uliandikwa 80, nikajizuia kuuliza. Najiuliza pia kama ile mistari ya penseli imeshapakwa rangi.

Kaunta buku limeshuka kutoka juu ya kabati. Sasa lina safu tatu: yangu, yake, na ya tatu haina picha wala jina, na ndiyo tunayoijaza kwanza kila mwisho wa mwezi. Tumeanza na laki moja na ishirini. Ni ndogo. Binamu yangu ana ada ya muhula huu, hiyo nimeitoa kwangu bila kuambiwa.

Jana usiku dalali akaandika WhatsApp: "Dada ile imeondoka ila kuna hii Mjimwema, vyumba viwili, milioni 58, hati ipo safi kabisa, njoo na elfu kumi tuzunguke."

Baba watoto alikuwa anasomea begani kwangu. Nikamwandikia dalali: "Nitumie picha ya hati kwanza. Ina jina la nani? Na hiyo 58 ni mkononi?"

Alama mbili za bluu zikatokea. Akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena.